Nilivyokisoma Kitambaa cha Sista

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwangushia karani wa bohari mtumba mzima mguuni. Nilikuwa nimeandikwa hamali kwenye bohari moja la mitumba kule Baba Dogo, Nairobi, na mgongo wangu, uliokuwa umeumia nikifanya kazi ya mjengo, haukutaka kabisa habari za kubeba. Karani alipiga mayowe, mahamali wenzangu wakacheka, nami nikajua nimefutwa kabla hata ya chai ya saa nne. Msimamizi wa wachambuzi alitoka ndani kuona kulikoni. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Wewe, kwenu mnafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Baba yangu anachonga vinyago, madam. Kule Ukambani."

"Basi una macho. Wacha kuua watu, njoo mezani."

Meza yenyewe ilikuwa ya akina mama watupu. Kwa miezi mitatu mahamali waliniita Bibi Kilonzo, na mmoja alinitafutia aproni yenye maua. Niliivaa. Ilikuwa na mifuko mizuri, nami sikuona kwa nini nipoteze mifuko kwa ajili ya maneno ya watu.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana siku hizi mnanunua nguo kwenye simu na hamjui zimepita mikononi mwa nani. Mtumba ukifika ulikatwa kamba, ukamwagwa mezani, nasi tukaanza kuchambua. Nguo safi isiyo na dosari tuliiita kamera. Iliyofuata ilikuwa ya pili. Iliyochanika au kuingia doa ilikuwa fagia, na fagia ilikatwa matambara ya kufutia mafuta kwenye gereji, ila mfanyakazi aliyeipenda aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Mchambuzi mzuri alihitaji sekunde chache tu kwa kila nguo. Mimi nilichukua dakika, na Msimamizi alinigombeza karibu kila siku.

Nilikuwa nachelewa kwa sababu nilipenda kujua. Baba alinizoesha kukipindua kinyago nitazame kitako, kwa sababu huko fundi huwa hajipambi. Nami nikawa napindua kila kitu. Nilitazama nyuzi zinavyovuka nyuma ya darizi, kama zina mafundo au zimefichwa, na kama pindo ni la mkono au la cherehani. Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti: pamba hunuka karatasi, sufu hunuka nywele, na sintetiki hunuka plastiki halafu huacha kitone kigumu.

Baada ya miaka kadhaa kwenye meza ya makoti nilipelekwa duka letu la Makadara. Meneja wa huko aliamini hakuna kitu kisichouzika kikipewa maelezo. "Kilonzo, andika kimetoka wapi," alikuwa akiniambia. "Watu wanapenda kujua." Kwa hiyo nikawa naandika vijikaratasi: blanketi la wachungaji wa milimani, shali la harusi la Wahindi, na kadhalika. Nilijifunza mengi kwa kuuliza wateja na kwa kukosea mbele yao, na sikuona haya. Niliporudishwa Baba Dogo nilipewa meza ya vitu vya nyumba, yaani mapazia, mashuka na vitambaa, na kila swali la asili likawa linaletwa kwangu. Kusema kweli nilivimba kichwa.

Mwenzangu wa meza hiyo alikuwa Mama Nekesa wa mtaa wa Mowlem, Mbukusu mcheshi, mwenye mkono wa kushoto mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Tulikaa pamoja hadi wajukuu wetu wakaanza shule. Kitambaa ninachotaka kuwasimulia kilitoka kwenye mtumba wiki aliyokwenda likizo Bungoma.

Kilikuwa cha kuning'iniza ukutani, kipana kiasi cha meza ya kulia. Juu yake kulikuwa na nyumba zilizopangwa safu, wanawake foleni kwenye bomba la maji, na juu ya paa moja amesimama korongo mkubwa. Kilikuwa kimedariziwa kwa mkono, hakuna nyumba iliyofanana na nyingine. Meza nzima iliacha kazi.

"Mzee, hii ni ya majuu kabisa," alisema Shiru, msichana aliyekuwa ameajiriwa karibuni. "Cheki venye imeenda shule! Hiyo ni ya Meksiko, nimeona kitu kama hiyo kwa TV."

Mimi nikatikisa kichwa kama profesa. Nilikuwa nimewahi kuona vitambaa vya Ulaya ya Mashariki vyenye korongo juu ya mapaa, na mtumba wenyewe ulikuwa umetoka Ulaya. Nikamwambia Msimamizi ni Ulaya ya Mashariki, bila wasiwasi. Yeye akampigia simu mteja mmoja anayepamba hoteli, na mteja akakitaka siku hiyo hiyo. Alitaka pia maandishi ya asili yake, ya kubandika ukutani chini yake, na alikuwa anakuja kukichukua Ijumaa.

Jumatano nikakaa na chakula changu cha mchana nje ya lango. Ng'ambo ya barabara, juu ya taka, akatua korongo, mmoja wa wale wanaotoka kwenye dampo la Dandora. Nilimtazama huku natafuna. Alikuwa na kipara, na mfuko mwekundu ukining'inia shingoni. Nikaacha sahani yangu palepale nikakimbilia ndani.

Korongo wa kitambaani alikuwa na kipara. Na mfuko alikuwa nao, wa uzi mwekundu, uliodariziwa kwa uangalifu kabisa. Nilikuwa nimemwona siku tatu nzima nikamwita Mzungu kwa sababu alitoka kwenye mtumba! Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yetu. Ukishazoea kufungua mitumba, hukumbuki kwamba kitu kinaweza kwenda huko kabla ya kurudi.

Nikakipindua, safari hii kwa adabu. Kitambaa chenyewe kilikuwa amerikani ya kawaida, ile pamba ya bei rahisi ya madukani kwetu. Uzi ulikuwa na mikunjo midogo midogo, nao nilipouchoma ulinuka plastiki. Uzi wa mikunjo hiyo kila mama wa Eastlands anaujua: unachukua sweta ya fagia, unaifumua, unafuma vitambaa vya viti. Pindoni kulikuwa na lesi ya kufuma, meno matatu kisha tundu, meno matatu kisha tundu. Lesi hiyo nilikuwa nimeikalia mara nyingi kwenye makochi ya nyumba moja Mowlem. Tena ilikuwa imelala kinyume, kama inavyolala kazi ya mtu wa mkono wa kushoto.

Nilikaa chini. Furaha yote ya kugundua iliniisha, maana nilijua sasa ni kitambaa gani.

Mama Nekesa alikuwa amenisimulia habari zake mara nyingi. Binti yake alizaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, na aliyemwokoa alikuwa muuguzi wa kizungu katika zahanati ndogo ya mtaani, ambaye wote walimwita Sista. Sista alipokuwa anarudi kwao, akina mama kumi na wawili wa kikundi chao walimtengenezea kitambaa cha mtaa wao, kila mmoja akadarizi nyumba yake, na Mama Nekesa akafuma pindo. "Kiko ukutani kwa Sista hadi leo," alikuwa akisema akiwa na siku mbaya. Hiyo ilikuwa fahari yake kubwa. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia kwamba kimetupwa, tumekimwaga mezani pamoja na mapazia mabovu.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilitamani nisingejua. Ningenyamaza, kingeenda hotelini Ijumaa, na Mama Nekesa alikuwa anarudi Alhamisi. Ilikuwa ni kukificha siku moja tu. Niliandika kwenye kijikaratasi, "Asili haijulikani."

Msimamizi alisoma, akabadilisha miwani, akasoma tena. "Tangu lini wewe hujui?"

Nikamweleza yote. Akanirudishia kijikaratasi, akasema, "Mimi siwezi kukuamulia hilo. Lakini kama ni mimi nimekishona, ningetaka kukiona."

Alhamisi asubuhi nilikitandaza mezani upande wa nyuma ukiwa juu, nikasimama kando kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Mama Nekesa aliingia akisalimia kila mtu, akatua mkoba, akaweka mkono juu ya kitambaa. Hakukigeuza. Alipitisha kidole kwenye pindo, polepole.

"Hii ni kazi yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Imetoka kwa mtumba?"

"Ndiyo."

"Ametupa." Alisema mara mbili. Sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, na nilijichukia kwa ujuzi wangu wote.

Lakini kidole chake kilikuwa bado kinatembea. Kilifika kwenye kona ya chini kikasimama. Pale lesi ilikuwa imekatika zamani, na mtu mwingine akawa ameifuma upya kwa uzi mzuri wa dukani. Mimi nilikuwa nimeiona kona hiyo nikaiandika kuwa dosari. Meno yalikuwa mara mawili, mara manne, tundu moja kubwa na lingine limezibika, nayo yote yalilalia upande wa kulia.

"Kilonzo, njoo uone," alisema, sauti imebadilika. "Ni Sista huyu. Nilimfundisha hii lesi akashindwa, tukamcheka mpaka akatupa sindano. Ona, alijaribu! Peke yake huko, hakuna wa kumwonyesha."

Akakigeuza. Upande mmoja ulikuwa umepauka, kama kitu kilichoning'inia miaka mingi karibu na dirisha. Kulikuwa na kiraka kidogo nyuma ya bomba la maji, na kingine penye nyumba ya tatu. Mtu alikuwa amekitunza kwa muda mrefu.

"Basi amekufa," alisema Mama Nekesa, akakaa kitako juu ya mtumba. "Angekuwa hai kisingefika hapa. Watoto wa ndugu zake wamefagia nyumba." Akalia, nasi tukalia naye, Shiru pia, ambaye hakumjua Sista wala zahanati.

Msimamizi alikuja, akakiinua kitambaa akakielekeza kwenye mwanga. "Mteja wa hoteli nitampigia mimi," alisema. "Anataka kamera, na hiki kina kona mbovu. Naona ni fagia. Mama Nekesa, ukikipenda nenda nacho."

Jumapili iliyofuata akina mama waliobaki wa kile kikundi walikutana Mowlem kumfanyia Sista matanga, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amewapa habari. Walikitandaza mezani mahali pa picha, wakaimba, wakasimulia, wakacheka, na mimi nilipewa kiti cha mbele kama aliyeleta barua.

Nilistaafu miaka michache baadaye, na Msimamizi alikuwa ameshanitangulia kustaafu. Majirani bado huniletea vitu niwaambie vilikotoka, nami bado nachoma uzi na kunusa. Ila sasa nikikipindua kitu hutafuta pia mahali kilipotengenezwa upya. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiandika mahali kama hapo kuwa dosari, na ninapofikiria vitu vingapi niliviita fagia, moyo huniuma.

Kitambaa kiko kwenye ukumbi wa kanisa la wale akina mama wa Mowlem. Mwaka jana mama mmoja kijana, fundi hodari kabisa, aliiona ile kona akajitolea kuifumua aifume vizuri ifanane na zingine. Alikuwa ameshatoa sindano. Mama Nekesa, ambaye sasa hatembei bila mkongojo, aliinuka kutoka kiti chake akamshika mkono.

"Hapo usiguse, mwanangu," alimwambia. "Hapo ndipo alipo Sista."