Mtoto wa Saa Sita Mchana

Miaka minne ya ndoa na sijashika mimba, na mama mkwe wangu, tuliyemwita Ba, hakuwa mtu wa kumeza maneno. Kila sikukuu ya kuzaliwa kwa Rama alinikalisha mbele ya kitanda kidogo cha bembea cha mungu huyo wetu sisi Wahindu. "Bembeza kwa moyo! Au hutaki mtoto?" Eti sitaki! Nilitaka mpaka nikawa nakwepa njia ya hospitali, nisiwaone wanaotoka na vichanga.

Mwaka ule wa embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, maziwa yalitafutwa kama dawa. Ba akamwambia jirani, mwanamke wa Kirundi aliyekimbia risasi za kule Cibitoke akahamia kwa kaka yake: "Kesho saa sita mchana mutoto anazaliwa kwetu. Nitafutie maziwa." Hakudanganya. Kwake Rama huzaliwa kweli, kila mwaka, saa sita kamili. Naye jirani alishaniona nimeketi bila kuinua hata ndoo, nikiyumba kwa kufunga. Tena sari, jamani, inaficha mengi.

Saa sita Ba akavuta pazia lililofunika bembea. Rama wa shaba, mdogo kama kidole gumba, alikuwa amelala kitandani. Kengele tuliifunga kitambaa, maana wiki ile kila mlio uliwalaza watu sakafuni. Tukaimba kwa kunong'ona. Mara mlango ukagongwa.

Warundi mtoto akizaliwa huenda kumhemba mzazi, na haendi mtu mikono mitupu. Waliingia wanawake wanne, jirani yetu mbele, na maharage, sukari (sukari, mwaka ule!) na kreti ya bia. Wakavitua miguuni pa Rama.

"Ram, Ram, Ram! Pombe!" Ba akashika kichwa. Baba mkwe, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, aliikodolea macho kreti ile kwa mapenzi ya wazi.

"Mutoto iko wapi?" jirani akauliza. Akainama, akafunua shuka kwa kidole, akatazama weee. "Maskini," akasema taratibu. "Kadogo sana."

Kicheko kilinitoka puani. Ikabidi nieleze: ni mungu wetu, ni sikukuu, hakuna aliyejifungua. Mwanamke mmoja akashika kreti airudishe.

"Apana," jirani akamzuia. "Ya kuhemba hairudi." Akatoa kitenge kipya cha kubebea mtoto. "Na mama yake ni nani?"

Nilijua Ba atasema nini, mbele ya wageni, na nilitamani kukimbilia jikoni. Ba akanitazama, vidole vimejaa samli ya peremende alizokuwa akifinyanga.

"Huyu," akasema.

Jirani akanifunga kitenge mgongoni, fundo kifuani, ndani mtupu. Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Ba akaniambia ninyamaze, machozi yataingia kwenye peremende. Kisha yeye, ambaye hakuruhusu mtu kumgusa Rama kabla ya kuoga, akamtoa kitandani akamtumbukiza mgongoni mwangu.

Nilizunguka naye sebule nzima, nimeinama, nikiogopa asidondoke.