Chai ya Diwani Bila Sukari

Juzi, kwenye simu ya jirani, nilimwona diwani wetu wa zamani akituhimiza tupime sukari. Eti anaugua kisukari tangu akiwa madarakani, ila alificha asipoteze kura!

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani karibu na Garsen. Chai ya rangi ilinukia iliki, na diwani, mgeni wetu, akasukuma kopo la sukari.

“Waachie watoto, Mama Jillo.”

Nilimpigia makofi hadi viganja vikakaribia kuwaka moto. Nilidhani ni ukarimu.

Mama alikuwa amekonda, na alikunywa maji utadhani anataka kuumaliza Mto Tana. Zahanati ilikuwa imempa dawa za malaria za kutosha kijiji kizima pamoja na ng'ombe wa Waorma.

“Kiu hii, mheshimiwa, na haja ndogo usiku kucha. Malaria gani haiishi?”

Diwani alimtazama sana, kisha akainamia kikombe chake.

“Maliza dawa tu, mama. Daktari anajua.”

Aliyejua ni yeye! Neno lake moja lingempeleka mama kupimwa.

Tulimzika kabla ya uchaguzi. Diwani akaja matangani, akapewa chai, akanisogezea lile kopo. Nikaramba sukari, nikamwambia asante.