Mstari Chini ya Rangi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Waya, maana hakutoka darasani hata siku moja bila kipande cha waya kunasa kwenye sweta. Alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka kumi na tisa. Mwaka ule aliwafundisha kidato cha tatu kutengeneza roboti ndogo za magurudumu, zenye sensa tumboni, vijicho vya kielektroniki vya kusoma utepe mweusi uliobandikwa sakafuni na kuufuata.

Siku ya majaribio, roboti ya kwanza ilifika karibu na dirisha, ikasita, ikauacha utepe. Ikaenda taratibu mpaka ukutani, ikagonga, ikazidi kusukuma.

"Hiyo imechoka na shule," msichana mmoja akasema. Darasa likacheka.

Ya pili ikafanya vilevile. Ya tatu nayo. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu aliipitia programu, hakuona kosa. Wanafunzi walipokwenda kula, akapiga magoti, akaisogeza sensa sakafuni kwa mkono huku akisoma namba kwenye kompyuta. Kila ziliposhuka ghafla, alitia alama ya chaki. Alipoinuka, alama zilikuwa zimejipanga hadi ukutani. Chini ya rangi ya kijivu kulikuwa na mstari wa zamani. Macho hayakuuona, sensa iliuona.

Akamwita karani wa shule, mkongwe wa pale.

"Dada, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Karani alishika fremu ya mlango. "Stoo ya baba."

Baba yake ndiye aliyefundisha katika chumba hicho zamani. Miaka ishirini na miwili iliyopita aliaga darasa, asionekane tena. Likizo ileile shule ikajenga ukuta na kupaka sakafu rangi. Watu walisema ameitoroka familia.

Kesho yake fundi mwashi alibomoa, polisi wawili wakiangalia. Maiti haikuwepo. Kulikuwa na kiti kimoja, na koti jeupe la maabara juu yake. Mstari mweusi ulikuja moja kwa moja, ukaishia mbele ya kiti.

Karani alilinusa koti. "Bado linanukia sabuni."

Polisi waliandika, wakaondoka. Karani alibaki.

"Mwalimu, mstari huu unaingia au unatoka?"

"Inategemea unaanzia wapi, dada."

"Basi anzia hapa."

Mwalimu akaiweka roboti mbele ya kiti, akawasha swichi. Ikatoka kwenye tundu la ukuta, ikapita juu ya chaki bila kuyumba, ikaukata utepe, ikatoka mlangoni, ikashika korido. Karani aliifuata na koti mkononi. Mwalimu alikuwa nyuma yao. Betri iliisha mbele ya geti la nyuma.

"Kumbe alitoka kwa miguu yake," karani akasema, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatatu Mwalimu Waya aliipima korido nzima kwa sensa, mara tatu, mpaka magoti yakauma. Hakupata mstari wowote. Hakumwambia karani.