Picha ya nyumba ya nyasi niliyonunua Al Barsha ilivyoiokoa nyumba ya mama Pangani

Wakuu, poleni na majukumu.

Dirham 250. Picha 180, teksi 40, vocha ya simu 30. Nimejumlisha mara mbili, haipungui.

Haya yamenikuta mwenyewe. Asiyeamini aje chumbani kwangu Satwa, Dubai, picha iko ukutani.

Mimi hununua vyombo vya wageni wanaohama Dubai, kisha nauza. Ijumaa moja mwaka juzi nikaenda Al Barsha kwa madam mmoja wa Ireland, mwalimu, anarudi kwao. Nilifuata friji. Nikakuta imeshauzwa.

Sitoki mikono mitupu, ni tabia. Ukutani kulikuwa na picha ya rangi nzito: mawingu yamekula robo tatu, chini yake kijumba cheupe cha chokaa, paa la nyasi, mlango mwekundu uliokatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini. Watu hamna, niliangalia mara mbili.

Mimi nilipenda fremu tu.

Akasema 300. Nikasema 80. Sasa mnajua biashara, lazima uiponde mali.

"Madam, hiki kibanda cha nyasi! Kwetu hivi tunabomoa. Cha mama yangu kinabomolewa kesho."

Sikudanganya. Tofali zilishafika, nimtolee mama aibu ya makuti.

Madam akakaa juu ya boksi.

"Mama yako amekubali?"

Swali hilo nikalikwepa. Nikauliza mambo ya mlango: kwa nini nusu?

"Kuku wasiingie."

Wakuu, wa mama pia ni nusu. Sababu ni hiyo hiyo.

Akaniambia baba yake alibomoa yao, akajenga ya kisasa yenye madirisha makubwa. Bibi yake akawa anatoka kila asubuhi kusimama pale ilipokuwa.

"Naiuza kwa sababu nikifika kwetu kila duka lina picha za nyumba hizi," akasema. "Nyumba zenyewe ndizo hamna."

Nikashuka ngazi na simu mkononi. Mdogo wangu Mbwana akapokea.

"Kaka, fundi ameshakula advansi!"

"Aile. Mpe mama simu."

Nikamuuliza mama kama anataka ibomolewe. Akasema, "Nyumba hii haijanikosea kitu. Nilishasema, ila nyie mnaotuma hela hamsikii."

Khalas, yakaisha. Tofali zikahamia nyuma ya jiko, uwanja ulikuwepo siku zote. Nyumba mpya ikajengwa huko. Wageni wanalala humo, mama halali.

Nikapanda tena kulipa. Sikubishana sana, ila 300 sikutoa, mimi si mgonjwa. Madam akaifunga picha kwa shuka lake na shuka hakulichaji. Popote alipo, Mungu ampe heri.

Mwenzangu wa bedspace, chumba tunachopanga kila mtu kitanda chake, ni Mganda, huitazama kila jioni: "Sebo, nyumba gani haina hata dishi?"

Nilichojifunza: kabla ya kumjengea mzazi, muulize. Simu ni dirham 30, tena hiyo niliongea mpaka ikakata.

Sasa naomba ushauri. Makuti yameanza kuvuja upande wa jikoni na masika inakaribia. Fundi anataka kuweka bati chini, makuti juu. Mama hataki kusikia bati. Nani huku anamjua fundi wa makuti wa kweli, Pangani au Muheza?

Bei niandikieni ya mwisho. Ya kwanza sisomi.