Neno Alilolimeza Abdulatifu

Wajerumani walipoufunga msitu wa juu ya Kituntu, mkalimani wao alikuwa Abdulatifu bin Othman. Baba yake alikuja Karagwe na biashara ya nguo kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kinyambo ndiyo lugha ya mama yake.

Afisa wa Kijerumani aliwakusanya watu, akaonyesha visiki, akauliza kwa Kiswahili: "Nani amekata miti hii?"

Abdulatifu alitafsiri macho chini. Kokubanza, mjane aliyeishi ukingoni mwa msitu, akasimama, akamwambia Abdulatifu kwa Kinyambo: "Mwambie ni wapasua mbao wako, uliowaleta wewe na misumeno yao. Sisi wanawake tunaokota kuni na kuchuma dawa tu."

"Amesema nini?" aliuliza afisa.

Abdulatifu akamgeukia. "Anasema wao huokota kuni tu, bwana."

"Basi hata kuni waache. Kuanzia leo asiingie mtu."

Kokubanza hakujua Kiswahili. Aliketi akiamini maneno yake yamefika.

Siku hiyo hiyo Abdulatifu aliwafukuza wapasua mbao wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wiki ya tatu askari walimkuta Kokubanza msituni na mzigo wa kuni kichwani, wakamchapa viboko.

Abdulatifu alikwenda kumjulia hali. Alimkuta amelala kifudifudi.

"Mwanangu," mjane alimwambia, "yule mzungu hakunielewa. Nenda ukamweleze tena."

Aliahidi kwenda. Hakwenda, na tangu hapo akawa anazunguka njia ya mbali ili asipite mlangoni pake.