Selotepu Chini ya Unyayo wa Mzee Faki

Aibu niliyoipata kijijini Ole siku ya kujibiwa posa haijanitoka mpaka leo, na nyinyi mnaokaa hapa dukani kwangu Jadida, Wete, mmeshaisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, kwa utaratibu, kama ninavyofungua simu: skrubu moja baada ya nyingine.

Shule niliiacha mapema, ila kusoma sikuacha, na mwaka ule nilikuwa nimezama katika habari za vitu vyenye matabaka, vile ambavyo ukivibandua na kuvibandua tena unafika kwenye tabaka moja tu, lenye unene wa atomu moja. Rahisi kupata ni kile cheusi cha ndani ya penseli (chukua penseli laini ya wachoraji, ile ngumu ina udongo mwingi). Unakikwangua juu ya selotepu, unaikunja, unaibandua, unarudia, na kila mara weusi unapungua mpaka unakuwa kijivu na mwanga unaanza kupita. Kilichoninyima usingizi ni hiki: tabaka hilo moja linanasa sehemu mbili na kidogo katika kila mia ya mwanga unaolipiga, uwe mwekundu au wa buluu, na ukiongeza tabaka la pili nalo linanasa kiasi kama hicho. Kitu chembamba hivyo ungedhani mwanga ungekipita bila kukijua. Na kuna madini mengine ya namna hiyo, yanatiwa kwenye grisi nyeusi ya magari, ambayo yakiwa mazito hayana mwanga wa kuzungumzia, lakini yakibaki tabaka moja ukiyamulika yanang'aa kwa mwanga wao wenyewe. Mimi mambo kama haya yakinishika, nayabeba kila niendapo.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Badala ya kukiacha kipande changu cha selotepu mezani, nilikitia mfukoni mwa kanzu.

Kwa desturi mposaji haendi mwenyewe, wanakwenda wazee. Lakini msemaji wangu, Ami Kombo, goti lilimuuma, na vespa ilikuwa yangu, basi tukakubaliana nimfikishe, nikae karibu na mlango, nisifungue mdomo. Nilikuwa nimefika umri ambao watu wameshaacha kukuuliza utaoa lini. Na Bi Mwanakombo, aliyeniletea simu yake kutengeneza mara tatu (mara ya tatu haikuwa na ubovu wowote), ndiye mwanamke pekee ambaye jibu lake lilinitoa jasho.

Baba yake, Mzee Faki, alitukaribisha ukumbini pamoja na mwanawe mkubwa, Hamadi, na majirani wachache. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Mzee akanigeukia mimi pale mlangoni, akaniuliza kwa upole siku hizi nashughulika na nini. Jibu lilikuwa maneno mawili, natengeneza simu. Mimi nikatoa selotepu.

Nilieleza vizuri, hilo nalisema bila haya. Kipande kikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akikiinua kwenye mwanga wa mlango, mpaka kikafika kwa Mzee, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mie naona selotepu," akasema.

"Tazama pembeni, Mzee, pale pa kijivu. Palipo pembamba kabisa huenda usipaone vizuri."

"Kwa hiyo umekuja kuposa na kitu kisichoonekana."

Watu wakacheka, Ami Kombo akanitazama jicho la kunizika nikiwa hai, na papo hapo ikaadhiniwa alasiri. Katika kuinuka na kwenda kutia udhu na kutandika mikeka, selotepu ikapotea. Nikaitafuta chini ya mito mpaka Ami akanivuta kanzu. Jibu, tukaambiwa, litatoka baada ya sala.

Tukasali mle mle ukumbini, Hamadi akitusalisha, Mzee Faki safu ya mbele, mimi nyuma yake. Tulipokwenda sijda ya kwanza nikaiona, imenata katikati ya unyayo wake wa kushoto. (Najua, macho ya anayesali yawe mahali pa kusujudu. Yangu yalikuwa hapo hapo. Ukumbi ulikuwa mfinyu, na unyayo wa Mzee ndio uliokuwa mbele ya pua yangu.) Nikaanza kuhesabu mambo, kosa langu la siku zote: kama ilinata kabla ya udhu, basi maji hayakufika, na udhu wa mkwe wangu haukutimia kwa sababu yangu. Sijda ya pili nikanyoosha vidole, nikashika ncha, nikaibandua taratibu.

Taratibu ndiyo iliyoniponza. Mzee Faki alikuwa anatekenyeka.

Mguu uliruka ukanipiga puani, kisha akacheka, kicheko kizima cha tumboni, safu ya nyuma ikamfuata, na sala ikatubatilikia sote isipokuwa Hamadi, aliyeendelea peke yake mpaka akatoa salamu, shingo imemkakamaa. Halafu akageuka.

"Baba, ntu anayecheza kwenye sala ndiye wa kumpa dada?"

Nikasema, selotepu mkononi, kwamba nilihofia udhu wa Mzee.

"Udhu nilishautia kabla sijaukanyaga uchafu wako," akajibu Mzee Faki. "Tunarudia. Na wewe simama mbele yangu, nyayo zako nitazilinda mie."

Tuliporudia sijui nilisoma nini. Hamadi alipomaliza aliukunja mkeka wake bila kunitazama. Mzee akaelekea kwenye pazia.

"Mwanakombo, umeyasikia. Neno lako bado ni lile?"

Pua yangu ilikuwa bado ikipwita.

"Baba, tangu mama atutoke hujacheka," akasema. "Neno langu ni lile lile."

Mzee alijifuta macho kwa ncha ya kanzu, na hakuwa na haraka ya kumaliza. Kisha akamwambia Ami Kombo kwamba wameridhia, ila kidude kile nikiache huko huko Wete.

Miaka yote aliyobaki nayo, nikienda kumsalimia, alikuwa akivaa soksi kwanza ndipo tusali, na akihakikisha nimemwona akizivaa. Mungu amrehemu.

Nimeapa kutomgusa mtu unyayo akiwa sijdani, na nikiulizwa kazi yangu nasema natengeneza simu, basi. Kiapo cha unyayo hakinipi tabu tena. Nikienda Ole ukumbi ni ule ule, mfinyu vile vile, na mbele yangu anasimama Hamadi, ambaye hatekenyeki.