Nilianza Dawa Kabla ya Maji

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, ambayo kama siku zingerudishwa ningeifuata kwa miguu kutoka hapa Sindo hadi Homa Bay mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na saluni ya mabati karibu na ufuo, kioo kimoja, viti viwili na cheti cha ususi nilichokipata baada ya miezi sita ya mafunzo. Nilikitundika juu ya kioo ili mteja akisome kabla hajajitazama. Usinicheke. Maringo hata wewe unayo, ila yako yamo kwenye simu.

Umeniuliza kwa nini nywele zako kavu zinazokatika sizitii dawa ya kulainisha upesi nikuache uende. Wenzako wanasema mama huyu ana maswali mengi kuliko daktari. Ni kweli, ninayo, na kila swali nimelilipia. Keti basi, nikueleze yalikotoka.

Nina mdogo wangu anayenifuata, jina lake Awuor. Wakati ule alikuwa akifanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba. Kama hujafika Remba, ni mwamba na mabati na watu, na mti wa kukaa chini yake utautafuta mpaka jioni. Kutwa nzima Awuor aligeuza omena kwenye nyavu, jua la juu likimchoma utosi na joto la mawe likimpanda usoni. Jioni alioga ziwani kwa sabuni ya kipande, ileile aliyofulia nguo. Omena na kichwa chake vilianikwa pamoja miaka miwili, na hakuna aliyekumbuka kukianua kichwa.

Alhamisi hiyo alishuka kwenye boti akiwa na furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kijana mmoja wa Rusinga, fundi wa kutengeneza boti, alikuwa amemposa, na Jumamosi watu wake wangekuja nyumbani kwetu kujitambulisha. Awuor aliketi kwenye kiti changu, akafungua leso kichwani.

"Nitengeneze, dada," akaniambia. "Nataka hata shangazi zake wakose la kusema."

Nilipitisha kitana kikakwama. Nywele zilikuwa zimepauka, ncha zimekuwa za rangi ya kahawia, na ukizishika zilitoa mlio wa majani makavu. Kichwani mlikuwa na mba, na alama za kucha, maana alikuwa amejikuna njia nzima kwenye boti. Nikasema, "Hii nywele imekuwa kaidi." Hapo ndipo nilipoteleza, mwanangu. Sisi watu wa ufuoni nywele kavu huziita ngumu, na kitu kigumu tunadhani dawa yake ni nguvu.

Dani, nyanya yetu mzaa mama, alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wateja wawili waliongoja zamu. Alikuja kusaidia matayarisho ya wageni. Aliinuka, akaingiza ncha za vidole kwenye kichwa cha Awuor, akavituliza humo kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hii si ukaidi. Hii ni kiu. Osha, lowesha mpaka ishibe, halafu paka mafuta kidogo ndio maji isitoroke. Msuke mistari aende hivyo. Dawa ingoje kwanza hivi vidonda vipone."

"Dani, hiyo ni mambo ya zamani," nikamjibu, na nikaelekeza kidole kwenye cheti. Wateja wakacheka, nami nikavimba kichwa zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo guu lililovunjika halikuwa langu.

Sasa sikiliza upumbavu wenyewe. Mtungi wa maji wa saluni ulikuwa mtupu. Mzee aliyetuletea maji kwa punda alikuwa amesema yuko njiani, na njiani kwa mwenye punda ni neno refu. Kila msusi anajua kwamba dawa ya kulainisha haifunguliwi kopo kabla maji ya kuiosha hayajawa tayari. Nilijua. Imeandikwa hata kwenye kopo. Lakini wateja walikuwa wakinitazama, nikataka waone ninavyofanya kazi upesi, nikaanza.

Baada ya dakika chache Awuor akasema, "Inachoma." Nikamwambia bado haijashika, avumilie. Nikachungulia barabarani, hakuna punda. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Dada, inachoma sana." Nikamwambia anayetaka kupendeza lazima avumilie. Alishika mikono ya kiti akabaki ameketi, machozi yakimtoka, kwa sababu mimi ni mkubwa wake na aliniamini. Ningeweza kukimbilia kwa jirani kuomba jagi moja la maji. Nikaona aibu kukimbia mbele ya wateja. Nikauinua ule mtungi mtupu nikautikisa, sijui nilidhani utajibu nini.

Awuor akasimama, akatoka mbio. Alikimbia ufuoni na kichwa cheupe kwa dawa, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisuuza omena, akaingia ziwani hadi kifuani, akazamisha kichwa. Wanawake walicheka mwanzoni. Kisha wakasikia anavyolia, wakaacha. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na glavu mkononi wakati mzee wa punda alipofika na mitungi minne imejaa, akaniuliza amimine wapi.

Kufikia Ijumaa nywele zilikuwa zinatoka mafungu mafungu, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kidole gumba. Jumamosi tulimfunga kitambaa kizuri. Wageni walikuja, wakasalimiwa, wakacheka na mama. Awuor alipita na jagi na beseni kuwanawisha mikono. Alipoinama mbele ya shangazi wa yule kijana, kitambaa kikateleza.

Yule shangazi akauliza polepole, "Huyu msichana amekuwa mgonjwa?"

Miaka ile, mwanangu, swali hilo huku kwetu ziwani lilikuwa na maana moja tu, Ukimwi. Nywele zikipungua kichwani, watu walikupa ugonjwa ambao hakuna aliyekupima. Tulikuwa tumezika wengi, na woga ulikuwa umefanya midomo kuwa mikali. Awuor alinigeukia mimi. Nilitakiwa kusema maneno machache tu, kwamba ni mimi niliyemchoma kwa dawa, hana ugonjwa wowote. Lakini pale walikuwa wameketi majirani wawili wa Sindo, wateja wangu ambao hawakuwepo saluni Alhamisi ile, na nikakifikiria kile cheti. Nikakusanya sahani ambazo hata hazijapakuliwa chakula, nikaenda jikoni.

Nyuma yangu nilimsikia mama akisema ni jua la Remba. Hakuna aliyemwamini, na hata yeye hakuujua ukweli, maana mimi na Awuor tulimwambia nywele zimekatika tu, na Dani aliniachia niseme mwenyewe. Watu wa Rusinga walikula kwa adabu, wakaaga kwa adabu, na hawakurudi. Kabla ya mwaka kuisha yule fundi alioa kwingine.

Dani alinifuata jikoni jioni ileile. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata siku hiyo hakupaza sauti. "Nywele itarudi," akasema. "Hiyo si kitu. Lakini wamechafua jina yake mbele ya watu, na wewe umeenda kuosha sahani." Akaondoka. Ningependelea anipige.

Nywele zilirudi kweli, kwa mkono wa Dani, si wangu. Nilikuwa nikimtazama kwa mbali. Alimwosha kwa sabuni laini, akamlowesha, akampaka mafuta maji yakiwa bado kichwani, akamchana kwa vidole akianzia nchani kupanda juu, akamsuka mistari isiyovuta. Jua likitoka, leso. Awuor hakurudi tena Remba. Baadaye aliolewa Migori na mwalimu mpole, akapata watoto watatu. Mungu hakumwacha, na ninamshukuru kila Jumapili.

Lakini hakuniruhusu tena kugusa kichwa chake. Akija Sindo ananisalimu vizuri, tunakula pamoja, kisha anakwenda kusukwa kwa mwingine na kusema, "Niliona uko na watu wengi." Mimi nami nikawa nalipa kwa vitu. Nilimpelekea leso, sukari, omena safi ya kwanza ya msimu. Kila kitu nilimpelekea isipokuwa lile neno. Nilijiambia amesahau. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu, wahenga hawakukosea.

Mwaka juzi tulimzika mama. Desturi yetu unaijua, watoto wa marehemu hunyolewa baada ya mazishi. Siku hizi kanisa limelegeza, anayetaka ananyolewa chote, asiyetaka anakatwa kidogo tu. Mama mzee wa ukoo alikuwa tayari na wembe mpya, na wanawake wameketi uani. Awuor alikaa kwenye mkeka, akavua kitambaa, akasema, "Mimi, huyu dada yangu aninyoe."

Nikaupokea wembe. Nikasimama nyuma yake. Bila kugeuka akaniuliza, "Maji iko karibu?"

Nilikwenda kwenye tangi, nikajaza beseni mpaka juu, nikaliweka kando ya goti lake ili alione. "Iko," nikasema. Nikamlowesha. Nywele zake zilikuwa laini, mvi zimeanza. Nilinyoa polepole mpaka nikafika juu ya sikio la kushoto, na pale hapakuwa na cha kunyoa. Kovu lile halijawahi kuota kitu. Miaka yote alikuwa akilifunika kwa misuko.

Nikauweka wembe chini. Nikasema kwa sauti, mbele ya shangazi na majirani na watoto wake, kwamba mahali hapa ni mimi niliyepachoma, kwamba hakuwahi kuwa mgonjwa, kwamba nilijua na nikanyamaza. Nililia kama mtoto. Maji yalikuwa yakimtiririka Awuor shingoni.

"Nilikuwa nangoja hiyo," akasema. "Mama ndiye hataisikia."

Kisha akainamisha kichwa nimalize. Nilipomaliza, alininyoa yeye, maana kinyozi hajinyoi.

Basi shika haya, mwanangu. Nywele kavu usizipige vita kabla hujazijua. Jiulize zimekaa wapi, jua gani, sabuni gani, umezifunga kwa nguvu kiasi gani. Zipe maji kwanza, kisha mafuta kidogo, ya nazi au ya parachichi, juu ya maji hayo. Mafuta juu ya ukavu yanang'arisha tu, hayanyweshi. Sabuni ya nguo iache kwenye nguo. Zichane zikiwa na maji, uanzie nchani, na ukitoka juani zifunike. Kichwa chenye kidonda au kilichokunwa jana hakiguswi na dawa, hata mwenye kichwa akikuomba. Na kama zinakatika huku mwili umechoka siku nyingi, acha saluni uende hospitali upimwe damu, kwa maana nywele nyingine hulilia kitu ambacho msusi hana. Leo sitakutia dawa. Nitakuosha, na utarudi wiki mbili zijazo.

Hilo ni la kichwa. La pili ni zito kuliko hilo. Ukimwumiza mtu, sema siku ileile, mbele ya walewale waliomwona akiumia. Ukichelewa utalisema tu, lakini kuna sikio litakuwa limeshafukiwa. Mimi nimekwisha kunyolewa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Inamisha kichwa sasa, maji ni ya vuguvugu na mitungi yote imejaa. Nyasaye ogwedhi, Mungu akubariki, mwanangu. Akupe ndugu wa kukuamini, na siku watakapokugeukia mbele ya watu, akupe mdomo wa kuwasemea.